Walimu naombeni mawazo: kwa nini mwanafunzi ukimpa picha atunge hadithi, anakuorodheshea vitu vilivyomo kwenye picha?

MwlPembezoni (#1)
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, shule ya kata, mkondo mmoja wanafunzi sabini na kitu. Wiki iliyopita nilikata picha kwenye gazeti la zamani, nikaikuza steshenari, nikaibandika ubaoni. Pikipiki imeegeshwa mbele ya duka lililofungwa. Chini, karibu na tairi la nyuma, kuna kandambili moja ya kike. Mlangoni amesimama mtoto wa miaka kama sita, anatazama upande wa kulia, nje kabisa ya picha. Nikawaambia: tungeni hadithi, ukurasa mmoja na nusu.

Nilichopata: "Katika picha hii naona pikipiki. Pikipiki ina magurudumu mawili. Pia naona mtoto. Mtoto amevaa shati. Pikipiki ni chombo muhimu cha usafiri nchini kwetu." Baada ya hapo zikafuata faida na hasara za bodaboda. Wachache waliojaribu kutunga walianza na "Hapo zamani za kale", kisha pikipiki ikapotea moja kwa moja, akaja mfalme na binti yake.

Watoto hawahawa ukipita mapumziko unawakuta wanasimuliana kisa cha stendi mpaka wanashikana mbavu. Hadithi wanazo tele. Inakuwaje zikauke mbele ya picha? Mimi nadhani tumewazoesha kwamba picha ni kitu cha kujibiwa maswali. Nataka kusikia na wengine.

Toboatobo (#2)
Naweka kambi hapa. "Pikipiki ina magurudumu mawili" 😂 Huyo dogo mpe alama zake, hajasema uongo.

MzeeChaki (#3)
Nimestaafu ualimu, lakini hili nalijua kwa undani. Mleta mada umegusa penyewe, ila hujafika mwisho. Tangu darasa la kwanza picha inakuja na swali chini yake: mtu huyu anafanya nini, taja vitu vinne unavyoviona. Akifika sekondari anakutana na Jiografia. Kule kuna mada nzima ya kusoma picha: aseme ilipigwa kutoka ardhini au angani, aigawe sehemu ya mbele, ya katikati na ya nyuma, ataje shughuli za watu na kila anachokitaja akitolee ushahidi uliomo kwenye picha. Asipokuwa na ushahidi hapati kitu. Bailojia nayo ni mchoro na mishale.

Sasa wewe unaingia kipindi cha nne unamwambia abuni kisichokuwepo. Kipindi cha tatu angefanya hivyo angekatwa alama. Mtoto hana kosa, anafanya kile kinacholipa kwingine.

BintiMakorora (#4)
Shikamoo MzeeChaki. Nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Tatizo ni picha yenyewe inavyotolewa. Unaibandika nzima, kila kitu kipo wazi, mtoto anaona kazi imeshafanywa na mpiga picha.

Mimi huwa naificha. Chukua hiyo ya pikipiki, funika kwa karatasi kila kitu, mwache mtoto wa mlangoni peke yake. Uliza jambo moja tu: anatazama nini? Usikubali jibu moja, kusanya majibu hadi ubao ujae. Wakishagawanyika, kuna anayesema polisi, kuna anayesema baba anarudi amelewa, kuna anayesema mbwa, ndipo unafunua kandambili. Darasa langu lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Pikipiki ije mwisho kabisa, maana ndiyo kubwa kuliko vyote na ndiyo inayowameza.

Kipepeo254 (#5)
Hamjambo kutoka huku Kakamega. Kwetu shida hiyo ina sura nyingine. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, Kiswahili Karatasi ya Kwanza, mtahiniwa ana maswali manne. La kwanza ni la lazima, huwa barua, hotuba, kumbukumbu na mengine ya uamilifu. Kisha anachagua moja kati ya yale matatu yaliyosalia. Kila insha alama 20, maneno yasiyopungua 400. Insha ya kubuni huja na methali, au unapewa maneno ya kuanzia ama ya kumalizia. Kwa hivyo mwalimu wa kidato cha nne hana sababu ya kuleta picha darasani.

Mimi huzileta hata hivyo, na wanafunzi wangu hawaorodheshi. Wao huremba. Nitaonyesha picha ya mama anauza ndizi kando ya barabara, nitapata: "Majogoo yalikuwa yamewika, jua lilichomoza mashariki likitandaza miale yake ya dhahabu, ndege waliimba nyimbo tamutamu..." Aya mbili za asubuhi. Mama wa ndizi hajatajwa. Wamekariri ufunguzi huo tangu msingi na wanaubandika kwenye picha yoyote, hata ya usiku.

Sponji (#6)
Kipepeo254 ninyi Wakenya mnaamka mnasalimiana kwa tashbihi, watoto wafanyeje jamani. Hapa Bongo jua linachomoza tu, halina dhahabu.

Kipepeo254 (#7)
Sponji na nyinyi mna "hapo zamani za kale" kwenye picha ya pikipiki. Tuheshimiane 😄

SaikoMlimani (#8)
Nimesoma saikolojia, nichangie kidogo. Kuna jaribio la kupima nafsi ya mtu linaitwa TAT (Thematic Apperception Test), lilitengenezwa Marekani miaka ya 1930 na Henry Murray na Christiana Morgan, pale Harvard. Ni kadi zenye picha. Mtu anaoneshwa kadi anaambiwa asimulie. Lakini haachwi hivihivi, anaelekezwa mambo manne: nini kinatokea sasa, nini kilitangulia, wahusika wanawaza na kuhisi nini, na mwisho itakuwaje. Ukiangalia vizuri, hayo manne tayari ni mifupa ya hadithi.

Kwa hiyo MwlPembezoni, ukisema "tungeni hadithi" umewapa jina la kitu. Hujawapa mlango wa kuingilia. Andika hayo manne ubaoni uone. Tena moja ya kadi za TAT ni nyeupe tupu, haina chochote, na watu wanasimulia vilevile. Hapo ndipo najiuliza kama picha ina kazi kubwa kiasi hicho.

Tahadhari: TAT ni chombo cha wataalamu. Msianze kuwachambua watoto wa watu kwa insha zao.

BintiMakorora (#9)
SaikoMlimani umenisaidia mimi bila kujua. Hizo picha za TAT nyingi makusudi hazieleweki moja kwa moja, haijulikani nani ni nani. Ndiyo hoja yangu ya #4. Picha isiyojieleza ndiyo inayovuta maneno.

SaikoMlimani (#10)
Sawa dada, lakini kadi nyeupe haina hata cha kuficha. Tuiache hapo kwanza.

Mzalendo_Ukara (#11)
Naomba mliongelee na hili. Mwalimu mwenzangu huku visiwani, Ziwa Victoria, alitumia picha ya kivuko kimejaa watu, alidhani inafaa kwa kuwa ni kitu wanachokiona kila siku. Wengine waliandika vizuri sana. Binti mmoja aliweka kalamu chini, akainamia dawati hadi kengele. Huku ukisema kivuko, mtu anakumbuka MV Nyerere iliyozama, na karibu kila ukoo una mtu wake pale. Katika darasa hilohilo kulikuwa na kijana aliyempoteza mjomba, yeye akaandika kurasa tatu na hakutaka kuacha. Picha ni ileile. Ndiyo maana nawaambia, kabla hujabandika, wafikirie watoto wako mmojammoja wametoka wapi.

Toboatobo (#12)
Pole sana mkuu. MV Nyerere si ndiyo ile ya 1996?

Mzalendo_Ukara (#13)
Hapana, ya 1996 ni MV Bukoba, ilizama tarehe 21 Mei ikielekea Mwanza. MV Nyerere ni tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa inatoka Bugolora kuja Ukara, ikazama ikikaribia kufika kabisa. Watoto walio kidato cha pili leo walikuwa wadogo wakati huo, ila wanakumbuka kilio.

MzeeChaki (#14)
Mzalendo_Ukara umesema jambo zito. Mimi ningeongeza kwamba mwalimu abebe picha mbili kila mara, mtoto achague. Asilazimike kueleza kwa nini amekataa moja.

TichaNgosha (#15)
Mbona hakuna aliyetaja lugha? Mimi nafundisha Kiingereza, kidato cha kwanza. Watoto wametoka shule ya msingi kila kitu Kiswahili, ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza. Nikileta picha wanashika maneno machache wanayoyajua, "hii ni ng'ombe, huyu ni mtu", basi. Anaorodhesha kwa sababu orodha haidai sarufi. Hadithi inadai wakati uliopita, inadai "kabla", "ingawa", "kumbe". Hana.

Dawa yangu: hadithi ipangwe kwa mdomo kwanza, kwa lugha yoyote, hata Kisukuma. Wawili wawili, mmoja anasimulia, mwenzake kazi yake ni kuuliza "ikawaje?" Kuandika kunakuja kesho yake.

MzeeChaki (#16)
TichaNgosha, mleta mada anafundisha Kiswahili na orodha anazipata vilevile. Kwa hiyo lugha haiwezi kuwa ndiyo sababu.

TichaNgosha (#17)
Mzee wangu, Kiswahili cha daftari si kile cha stendi. Mwambie dogo aandike kama alivyosimulia mapumziko, atakuuliza "mwalimu, inaruhusiwa?" Swali hilo nimeulizwa mimi mwenyewe. Na huku kwetu wapo ambao Kiswahili nacho wamekikutia shuleni.

Kibubu (#18)
Sisi ambao kopi tu ni mgogoro na mkuu wa shule tunafanyaje? Mimi natumia noti. Picha nzuri, zimechorwa kwa ustadi, kila mtu anazijua. Tembo wa elfu kumi, simba wa elfu tano. Nawaambia: noti hii jana ilikuwa mfukoni mwa nani, na imetokaje huko?

Sponji (#19)
Kibubu simba yuko kwenye elfu mbili, mkuu. Elfu tano ni faru. Inaonekana elfu tano unaiona kwa nadra 😂 Na wewe noti ya elfu kumi unaizungusha kwa watoto sabini halafu irudi?

Kibubu (#20)
Ahsante kwa sahihisho, ni faru kweli. Irudi au isirudi, hadithi zinapatikana. Nyuma ya hiyo elfu mbili kuna Ngome Kongwe ya Zanzibar, kijana mmoja aliandika habari ya simba anayezunguka noti usiku kwenda kulinda ngome. Mfano wa hivyo hakupewa na mtu.

BintiMakorora (#21)
Kwa wasio na hela ya kopi: khanga. Waambie waje na khanga ya nyumbani. Picha ipo mjini, yaani katikati ya khanga, pindo linazunguka, na jina, yaani ule msemo wake, limeandikwa chini. Mimi nalikunja jina kwa ndani wasilisome, waone picha tu, waandike nani kampa nani khanga hii na kwa nini. Wakimaliza nafunua jina. Hapo sasa darasa linawaka, maana kuna aliyeandika zawadi ya harusi na jina linakuja kuwa la kumsuta jirani. Wanarudi kuandika upya bila kuambiwa. Na kila nyumba ina khanga.

MchoraKatuni (#22)
Nachora vibonzo, si mwalimu, ila nitasema ninachokijua mezani kwangu. Picha moja imesimama. Hadithi inatembea. Watoto mnawapa kitu kilichosimama mnataka watembee nacho. Wapeni mbili zisizofuatana. Mtu ana ndoo tupu, picha ya pili mtu huyohuyo yuko mbele ya mlango wa polisi. Katikati pale pasipochorwa ndipo akili ya msomaji inapofanya kazi, sisi tunaishi kwa pengo hilo.

Na picha za Tingatinga mbona hamzitaji? Ni zetu tangu miaka ya hamsini, zinauzwa kila kona ya mji.

Bi_Hidaya (#23)
MchoraKatuni umeongea vyema kuhusu pengo. Kidogo tu kwenye tarehe: Edward Said Tingatinga alizaliwa 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka minne tu ya kazi. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana kwa bei yake.

Kwa uzoefu wangu zile za mnyama mmoja, chui au ndege aliyejaza ubao mzima, zinaleta hadithi za Sungura na Fisi na watoto wanarudia walizosikia kwa bibi. Zinazofaa zaidi ni zile za wachoraji waliomfuata, za hospitali, za kijiji, za mtaa wenye watu mia. Pale kila kona kuna jambo. Unampa kila mwanafunzi mtu mmoja wa kumfuata, na mwishoni wanagundua watu wao wamekutana kwenye foleni ya dawa.

MwlJumuishi (#24)
Nimefuatilia uzi huu kimyakimya. Darasani kwangu nina wanafunzi wawili wasioona. Watu huniuliza, zoezi la picha kwao linakuwaje? Nalifanya hivi: mwenzake wa dawati anamweleza picha, na yeye ana haki ya kuuliza chochote kabla ya kuandika.

Niliwahi kusikiliza mazungumzo hayo kwa karibu. Ilikuwa picha ya jiko la kuni na mwanamke aliyegeuza mgongo. Anayeona akasema: kuna mama, kuna sufuria, kuna moshi. Asiyeona akauliza: sufuria inachemka au imetulia? Huyo mama anaimba? Amemsikia anayepiga picha, au hajui kama kuna mtu nyuma yake? Moshi ni wa kuni mbichi? Mwenzake alikuwa hana jibu hata moja, ikabidi aitazame picha upya, na mengine ayabuni palepale. Hadithi zao wote wawili zilikuwa tofauti na za darasa zima. Za wengine zilikuwa za macho tu. Tangu hapo hata anayeona namtaka aandike kwanza maswali asiyoweza kuyajibu kwa kutazama.

Kipepeo254 (#25)
MwlJumuishi, hilo la "hajui kama kuna mtu nyuma yake" nalichukua. Mpiga picha mwenyewe ni mhusika. Nani alikuwa na kamera, alifuata nini pale, na kwa nini hakusaidia kubeba maji?

Jongoo_Dijitali (#26)
Siku hizi mbona rahisi, unaiambia akili mnemba ikutengenezee picha yoyote dakika moja. Mnahangaika na magazeti ya nini.

MchoraKatuni (#27)
Jongoo, jaribu kutafuta kandambili moja kwenye picha hizo. Ukiagiza duka na pikipiki unapata duka na pikipiki. Ile kandambili haikuagizwa na mtu, ilikuwepo tu siku ile, na inaonekana ndiyo iliyowashika watu wote humu.

Jongoo_Dijitali (#28)
Unaweza kuagiza na kandambili.

MchoraKatuni (#29)
Aliyeagiza anajua kwa nini ipo. Mwalimu akishajua jibu, watoto wanalinusa.

MwlPembezoni (#30)
Wakuu nimerudi na mrejesho. Picha ileile, mkondo mwingine. Nilifunika kama alivyosema BintiMakorora, nikatumia maswali manne ya SaikoMlimani, nikawaacha wasimuliane kama TichaNgosha anavyofanya. Najua nimechanganya dawa zote, kwa hiyo sitaweza kusema ipi imeponya.

Binti mmoja, ambaye huwa anaandika mistari mitano, ameanza hivi: "Baba alisema nikihesabu mpaka mia atakuwa amerudi. Nimefika mia mara nne na duka la Mangi limefungwa." Kandambili akaifanya ya mama mdogo, na haelezi kokote ilibakije pale. Nimeisoma na ofisini wamesoma. Kijana mwingine amesimulia kama pikipiki, anasikia kila kitu lakini funguo hana.

Ila kama theluthi ya darasa wameandika tena faida na hasara za bodaboda, baada ya yote hayo. Na wengi wa waliotunga wamemaliza na "nikashtuka, kumbe ilikuwa ndoto."

Sponji (#31)
Ndoto!!! Hiyo ni janga la taifa. Ipigwe marufuku.

MzeeChaki (#32)
Usipige marufuku. Ndoto inakuja pale mtoto alipomwingiza mhusika kwenye shida na hajui kumtoa, na kipindi kinakwisha. Mwongezee muda. Hao theluthi nao nina hakika ndio wanaoogopa kalamu nyekundu. Faida na hasara hazijawahi kumkosesha mtu alama.

TichaNgosha (#33)
Muda kweli, lakini mzee, madaftari sabini yanasahihishwa lini? Mimi kwa zoezi la picha sisahihishi tahajia raundi ya kwanza. Napiga mstari chini ya sentensi moja iliyonigusa, naandika "endelea hapa". Basi.

MzeeChaki (#34)
Na mtihani wa taifa ukija atasahihishiwa na nani kwa mtindo huo? Tahajia isiachwe hata siku moja.

TichaNgosha (#35)
Haiachwi, inasubiri raundi ya pili. Mtoto asiye na sentensi utamsahihisha tahajia ya nini?

Bi_Hidaya (#36)
Kuhusu ndoto, mimi nawaruhusu kwa sharti moja: iwe katikati, isiwe mwisho. Akishtuka usingizini, kandambili iwe bado iko mlangoni.

Kipepeo254 (#37)
Bi_Hidaya hiyo naijaribu Jumatatu. MwlPembezoni, waweza kutupatia hadithi ya yule wa kuhesabu hadi mia? Bila jina lake. Ningependa wangu waisome.

MwlPembezoni (#38)
Nitamuomba ruhusa yeye na mzazi wake kwanza. Akikubali nitaichapa na kuiweka hapa, na picha nitaiweka pia, upande wa kulia ukiwa umefunikwa.